Mkojo Si Mjumbe wa Saratani

Katika baraza la kahawa la mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, mazungumzo ya tezi dume huanza na kwisha kwa sentensi moja. Ikitajwa habari ya fulani aliyelazwa, mtu atauliza, "Tezi dume?" Watatikisa vichwa, watamwombea, kisha mmoja wao atasema kwa kujiamini: "Mimi namshukuru Mungu, mkojo unatoka kama wa kijana." Wengine wataitikia. Vikombe vitajazwa tena, kashata itamegwa, na hoja itakuwa imefungwa: anayekojoa vizuri hana tezi dume. Wala si imani ya wazee wa barazani peke yao. Nimeisikia kwa walimu, kwa madereva, kwa maimamu, na mara moja kwa mtu aliyevaa koti jeupe.

Naipinga kauli hiyo, na naipinga kwa uchungu. Mtu niliyemsikia akiisema mara nyingi kuliko wote ni baba yangu mdogo, seremala, na aliisema mpaka mwaka aliokufa kwa saratani ya tezi dume. Hakuwa akidanganya. Mkojo wake ulikuwa unatoka vizuri kweli.

Kosa letu linaanzia kwenye jina. Tunasema "ana tezi dume" kama tunavyosema "ana malaria". Lakini tezi dume ni kiungo. Kila mwanamume kazaliwa nacho, kama alivyozaliwa na ini na figo, na hakuna anayesema "fulani ana ini". Kwa kuligeuza jina la kiungo kuwa jina la ugonjwa, tumejikuta tunayaita kwa jina moja magonjwa mawili yenye tabia tofauti kabisa: kuvimba kwa tezi kunakokuja na umri, na saratani. Wengine huchanganya humo humo na ngiri na busha, ikawa kila kinachomsumbua mwanamume chini ya kitovu ni kitu kimoja.

Tezi yenyewe ni ndogo. Ya kijana ina uzito wa kama gramu 20, ukubwa wa ndimu changa. Imekaa chini ya kibofu, mbele ya njia ya haja kubwa, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji ya shahawa. Sasa chukua ndimu, uipitishe mrija wa kunywea soda katikati. Nyama ya ndani ikivimba, mrija unabanwa, na kinywaji kinapita kwa tabu. Huko ndani ndiko uvimbe wa uzee unakoota. Nusu ya wanaume huwa nao wanapofika miaka 60, na wakivuka 80 ni karibu wote. Lakini kinachoanza kuharibika kikiwa ganda la nje, mrija hauna habari. Na saratani ya tezi dume, kama mara saba katika kumi, huanzia kwenye ukanda huo wa nje, upande unaotazama njia ya haja kubwa. Inaweza kukaa huko miaka mingi bila kuugusa mrija.

Hii ndiyo maana ya kuamka mara nne usiku, mkojo kukatika-katika, kusimama chooni na kusubiri: kwa walio wengi ni tezi iliyovimba tu. Inasumbua, inanyima usingizi, ikipuuzwa inaweza kuziba mkojo kabisa na kuharibu figo, lakini si saratani wala haigeuki kuwa saratani. Ugonjwa wenye kelele ndio usioua sana. Unaoua ni ule wa kimya.

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, wakiongozwa na Profesa Vincent Gnanapragasam, walichapisha makala wakisema hakuna ushahidi kwamba matatizo ya mkojo, au hata ukubwa wa tezi, husababishwa na saratani hii. Wakaenda mbele zaidi: wakaomba kampeni za afya ziache kuwaambia wanaume wachunguze mkojo wao, kwa sababu ujumbe huo unawafanya wasio na dalili wabaki nyumbani. Walikuwa wanasema na Uingereza, nchi yenye daktari wa familia kila mtaa. Sisi ambao hospitali huendewa mtu akishazidiwa, maneno hayo yanatuhusu mara mbili.

Mfano wa Waingereza wenyewe ni Chris Hoy, mwendesha baiskeli wa Scotland aliyeshinda medali sita za dhahabu za Olimpiki. Yeye hakuumwa kibofu. Aliumwa bega, akadhani ni mazoezi. Uchunguzi ukaonyesha uvimbe begani, na chanzo chake kikakutwa kwenye tezi dume. Oktoba 2024, akiwa na miaka 48, aliutangazia ulimwengu kwamba saratani yake imeenea mifupani na haitibiki ikaisha. Baba yake na babu yake wote walikuwa wameupata ugonjwa huo huo.

Kuna atakayenijibu: mbona Joe Biden yake iligundulika kwa mkojo? Ni kweli, na jibu lake linafaa kusikilizwa. Taarifa ya ofisi yake ya Mei 2025 ilisema dalili za mkojo zilikuwa zimezidi, akachunguzwa, kikakutwa kinundu kwenye tezi. Saratani ikapewa alama 9 katika kipimo cha Gleason, ambacho mwisho wake ni 10, na ilikuwa tayari imefika kwenye mifupa. Kwa hiyo sikatai kwamba saratani inaweza kuubana mkojo. Ninachosema ni kwamba ikifika huko, mara nyingi imeshachelewa kusema. Na kwa kuwa uvimbe wa uzee nao hubana mkojo ule ule, hata mwenye dalili hawezi kujua nani anayemsemesha mpaka apimwe.

Ba'mdogo alianza na mgongo. Seremala gani asiyeumwa mgongo? Tulimnunulia dawa ya kuchua, mkewe akawa anamkanda kila usiku, nyumba nzima ikanuka mafuta ya mkaratusi. Akaambiwa abadilishe godoro, akabadilisha. Kwenye zahanati alipewa vidonge vya maumivu, vikaisha, akapewa vingine. Miezi minane ilipita hivyo na hakuna aliyemuuliza lolote kuhusu tezi dume, kwa sababu yeye mwenyewe alipoulizwa kama ana shida nyingine alijibu kwa fahari kwamba choo chote, kidogo na kikubwa, kiko sawa. Siku moja tulikuwa tunapanda daladala kwenda msibani. Aliinua mguu wa kulia kukanyaga ngazi, mguu ukagoma. Akautazama kama unavyoitazama nyundo iliyokuponyoka. "Mwanangu, hebu nishike," akaniambia.

Picha ya eksirei daktari aliibandika kwenye kioo cha dirisha, taa ya kusomea ilikuwa mbovu. Nilitegemea kuona kitu cheusi, kitu kilicholiwa. Badala yake pingili za uti wa mgongo zilikuwa na madoa meupe, meupe kuliko mfupa wenyewe, kana kwamba mtu kachukua chokaa akapaka kwa kidole. Daktari, kijana mdogo, akasema saratani nyingi hutoboa mfupa, lakini ya tezi dume huufanya mfupa ukue ovyo na kuwa mgumu, ndiyo maana unang'aa. Kipimo cha damu, kile kiitwacho PSA, kikaja na namba iliyopita 400. Mtu mzima asiye na tatizo huwa chini ya 4.

Yalimpata yanayowapata wengi. Madaktari wa saratani wa Afrika Mashariki wamekuwa wakilisema hili kwa muda mrefu: wagonjwa wao wengi wa tezi dume hufika ugonjwa ukiwa umeshatoka nje ya tezi.

Imani hiyo hiyo ya mkojo inaumiza pia upande wa pili. Mzee ambaye mkojo umeanza kumkatikia anaamini kwamba tayari ana saratani, na kwa hofu anaficha. Anayemfikia kwanza ni yule mwenye kipaza sauti juu ya pikipiki, anayeuza chupa moja kwa magonjwa saba. Mzee anakunywa, wiki mbili mkojo unatengemaa kidogo, anasimulia msikitini kwamba dawa imeponya tezi dume. Dalili za uvimbe wa uzee zina tabia ya kupanda na kushuka zenyewe, hata bila dawa. Na miti shamba sitaidharau, maana upo mti wenye sifa ya kweli: Prunus africana, ambao Wakikuyu wanauita muiri, unaoota milimani kwetu, Kenya na Tanzania. Gome lake lilisafirishwa Ulaya kwa wingi mno kutengeneza vidonge vya tezi iliyovimba, hata mwaka 1995 biashara yake ikawekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa CITES. Majaribio yalionyesha unaweza kupunguza kidogo usumbufu wa mkojo. Saratani hautibu. Mwenye kunywa gome na kukojoa vizuri bado hajui kama ganda la ndimu yake ni zima.

Basi mkojo ukiwa si mjumbe, mjumbe ni nani?

Ni damu, kwa kiasi chake. Kipimo cha PSA hupima protini inayotengenezwa na tezi dume na kuvujia kwenye damu. Marekani ilikiidhinisha mwaka 1986 kwa kufuatilia waliokwisha kuugua, na mwaka 1994 kwa kusaidia kugundua. Damu hutolewa mkononi tu. Nalisema hili wazi kwa sababu najua kinachowakimbiza wengi ni kidole, cha daktari anayeigusa tezi kupitia njia ya haja kubwa. Vijana wanakifanyia mzaha, watu wazima wanakiona ni kuvunjiwa heshima. Siku hizi kupima huanza na damu. Kidole kina kazi yake kwa mwenye dalili au ambaye damu yake imetia shaka, ni nusu dakika, na anayekifanya ni daktari aliyeapa kutunza siri yako. Nilikuwa nje ya mlango Ba'mdogo alipofanyiwa. Alitoka akafunga mkanda wake, akasema, "Ndiyo hiki tu?"

Lakini sitaki kuvunja imani moja nikajenga nyingine mbovu, kwamba namba ya PSA ni hukumu. Tezi iliyovimba huipandisha. Maambukizi huipandisha. Mpira wa mkojo, kumwaga shahawa siku moja mbili kabla ya kipimo, hata safari ndefu ya baiskeli, vinaweza kuipandisha. Katika wanaume wanne wenye namba kati ya 4 na 10, takriban mmoja tu ndiye hukutwa na saratani. Na iliyo chini nayo haitoi hati ya usalama: katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004, wanaume waliokuwa na namba isiyozidi 4 walichukuliwa vinyama vya tezi, na kama 15 katika kila 100 wakakutwa na saratani, nyingi zikiwa za aina ya polepole. Ndiyo maana namba moja iliyopanda hurudiwa baada ya wiki kadhaa, kisha, penye uwezo, hufuata MRI, na mwisho kinyama kidogo hukatwa na kutazamwa kwa hadubini. Hadubini ndiyo inayotamka.

Wapo wataalamu wanaokipinga kipimo hiki kwa watu wazima wote bila kuchagua, na hoja yao ina uzito: kinawagundua wengi ambao saratani yao isingewaua kamwe. Marekani yenyewe, kupitia jopo lake la kinga, mwaka 2012 ilishauri watu waache kupima, kisha mwaka 2018 ikalegeza, ikasema wenye miaka 55 hadi 69 waamue wenyewe baada ya kuzungumza na daktari. Utafiti mkubwa wa Ulaya, wenye wanaume zaidi ya 160,000, ulipofikisha miaka 23 ulionyesha vifo vya saratani hii vimepungua kwa asilimia 13 kwa walioitwa kupima. Ni kifo kimoja kilichoepushwa katika kila watu 456 walioitwa. Si muujiza, wala si bure. Ila ule mjadala ni wa nchi ambazo tatizo ni kupima kupita kiasi. Ukiuleta kwetu bila kupunguza wala kuongeza, ni kumshauri mwenye njaa juu ya hatari za unene.

Dawa ya kupima kupita kiasi ni kutokurupuka kutibu. Hapa pana habari njema ambayo barazani haijafika. Uingereza iliwafuata wanaume 1,643 waliogunduliwa saratani ikiwa bado ndani ya tezi. Wakagawanywa: wengine wakapasuliwa, wengine wakapigwa mionzi, wengine wakawa wanafuatiliwa tu kwa vipimo na kutibiwa pale ugonjwa unapoonyesha dalili ya kukua. Baada ya miaka 15, waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa 45 tu, chini ya 3 katika 100, na makundi yote matatu hayakuachana kwa maana yoyote. Kwa hiyo kupima si kujipeleka kisuni. Wenye saratani ya polepole wanaweza kuishi nayo chini ya jicho la daktari.

Wanaohitaji kisu au mionzi waambiwe ukweli, na ukweli una uchungu. Katika utafiti huo huo, miezi sita baada ya upasuaji, karibu nusu walikuwa wanavaa pedi kwa sababu mkojo unavuja. Miaka sita baadaye walibaki 17 katika 100. Nguvu za kiume nazo zilishuka sana: kabla ya tiba 67 katika 100 walikuwa nazo za kutosha tendo la ndoa, na miezi sita baada ya upasuaji ni 12. Kwa waliopigwa mionzi walikuwa 22, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya dawa za homoni zinazoambatana nayo, na baadaye wakapata nafuu. Mwanamume ana haki ya kuzijua namba hizi kabla hajatia saini, na mkewe pia. Lakini azipime na namba nyingine. Askofu Desmond Tutu aligunduliwa na saratani ya tezi dume mwaka 1997 akiwa katikati ya kazi ya Tume ya Ukweli na Maridhiano, akaishi miaka 24 mingine, akafariki Desemba 2021 na miaka 90. Mandela alipigwa mionzi mwaka 2001, akafa mwaka 2013 na miaka 95. Jakaya Kikwete, akiwa Rais wa Tanzania, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume Novemba 2014 huko Johns Hopkins, Baltimore, hospitali ile ile ambapo mwaka 1982 Patrick Walsh alibuni njia ya kuitoa tezi bila kukata mishipa ya fahamu inayosimamisha uume. Kikwete alirudi akamaliza muhula wake.

Hata aliyechelewa hajafungiwa mlango. Tangu Charles Huggins alipoonyesha kule Chicago mwaka 1941 kwamba saratani hii hulishwa na homoni ya kiume, wagonjwa ambao ugonjwa umefika mifupani hupata nafuu homoni hiyo ikikatwa, iwe kwa sindano za kila mwezi au za miezi mitatu, au kwa kuondoa korodani. Hiyo ya mwisho ni rahisi kwa bei na hufanya kazi haraka, na ndiyo inayowakimbiza wazee wetu wodini usiku. Ba'mdogo alikubali. Wiki mbili baadaye alilala usiku mzima bila vidonge, mara ya kwanza tangu mwaka uliopita. Mguu haukurudi sawasawa, lakini alipata miaka miwili, na katika miaka hiyo alimaliza mlango wa msikiti aliouanza akiwa mzima.

Na kama yupo bado anayesema huu ni ugonjwa wa Wazungu, ajue kwamba Uingereza mwanamume mmoja mweusi katika kila wanne hugunduliwa nao maishani, wakati kwa jumla ni mmoja katika kila wanane. Marekani, Weusi hufa kwa ugonjwa huu mara mbili ya Weupe. Mwenye baba au kaka aliyeupata, hatari yake ni karibu maradufu. Saratani ya matiti ya mama au shangazi nayo yafaa kutajwa kwa daktari, maana kuna hitilafu ya vinasaba, BRCA2, inayobeba hatari ya magonjwa yote mawili. Kwa hiyo miongozo mingi inayomtaka mwanamume aanze mazungumzo haya akiwa na miaka 50 humwambia mtu mweusi, au mwenye ugonjwa huo katika ukoo, aanze 45.

Swali la kuulizana barazani, basi, liwe: una miaka mingapi, na baba yako aliumwa nini? Mkojo tuuache.

Ba'mdogo aliacha wana watatu. Mkubwa ana miaka 47, na wote watatu wanakojoa bila shida yoyote. Mkubwa tulikwenda naye kupima mwezi uliopita, tukakaa foleni tangu saa mbili asubuhi, saa tano tukawa tumetoka. Wawili waliobaki nimewaandikia umri wao na tarehe ukutani, pale karakana, juu ya benchi ya baba yao. Nawe msomaji, kama umefika miaka hiyo 45, usisubiri mgongo ukuume. Nenda katoe damu wiki hii.